KUKAUSHA NGUO: JUA LA BURE NA MOTO WA LUKU

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba nyingi zimeuzingatia usia huo katika matumizi makubwa: bei ya unga na mchele, madaftari ya watoto, nauli, dawa na mafuta ya kupikia. Lakini ipo kazi moja ya kila wiki ambayo haijapata kuandikiwa hata mstari mmoja katika daftari la nyumba, nayo ni kukausha nguo. Sababu yake inajulikana. Tangu enzi za mababu jua halijapata kumpelekea mtu ankara, wala upepo wa bahari haujapata kukatika kwa kuwa mwenye nyumba amekosa fedha.

Siku hizi mambo yameanza kubadilika. Mashine za kufulia zimekwisha kuingia katika nyumba nyingi za mijini, na nyuma yake zinafuata mashine za kukaushia nguo kwa umeme. Nyingine hufanya kazi zote mbili, kufua na kukausha, katika pipa moja. Zipo mpya madukani, na zipo zilizokwisha kutumika ng'ambo ambazo huuzwa kwa bei ya kuvutia. Basi linazuka swali baina ya mume na mke, hasa mvua inaponyesha siku nne mfululizo na kapu la nguo mbichi limefurika: Je, tununue?

Makala haya hayakusudii kumkataza mtu kununua, wala kumshawishi. Yanakusudia kumpa daftari. Bei ya mashine hulipwa mara moja ikasahauliwa, lakini gharama ya kuitumia hulipwa kila mara inapozungushwa, kidogo kidogo, na bandu bandu huisha gogo.

MAJIRA YETU YA KUSINI

Mkoa wa Mtwara una msimu mmoja mkubwa wa mvua. Aghalabu huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo upepo wa kaskazi huvuma, joto huwa kali, na hewa hubeba unyevu mwingi kiasi kwamba hata siku isiyo na mvua nguo huchelewa kukauka. Kisha huingia kusi. Kuanzia Juni hadi Oktoba mawingu hupungua, upepo huvuma kutoka kusini, na mama aliyeanika asubuhi uani kwake Shangani au Chikongola huanua mchana akiwa na nguo kavu kabisa. Kanga ndiyo ya kwanza kukauka. Suruali nene za kazi na mashuka mazito hufuata.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuandika katika daftari ni kwamba tatizo la kukausha nguo katika pwani yetu si la mwaka mzima. Ni la miezi mitano, sita ikizidi. Mtu anayefikiria kununua mashine hana budi kujiuliza kama analipia shida ya miezi hiyo mitano, au anajizoesha kulipia miezi kumi na miwili kazi ambayo kwa miezi saba jua linaifanya bila malipo.

Hata hivyo, shida ya miezi hiyo ni ya kweli, wala si haki kuidharau. Mtoto mwenye sare moja tu akirudi nayo imelowa siku ya Jumatatu, kesho yake ama ataivaa mbichi ama atabaki nyumbani. Nepi za mtoto mchanga hazingojei jua. Nguo iliyokaa mbichi zaidi ya siku moja huanza kutoa uvundo, nayo hulazimika kufuliwa upya, yaani maji mengine, sabuni nyingine na mikono ile ile. Ikiachwa zaidi huota madoa meusi ya kuvu yasiyotoka tena. Shuka lililoharibika kwa unyevu nalo ni fedha iliyopotea, ingawa hakuna risiti inayoonyesha hasara hiyo.

Kwa wakazi wa ufukweni, kutoka Mikindani na Msanga Mkuu hadi Msimbati na vijiji vya jirani na mlango wa Mto Ruvuma, lipo jambo la pili. Baadhi ya visima vya karibu na bahari hutoa maji yenye chumvi, na nguo za wavuvi hurudi nyumbani zikiwa zimeloa maji ya bahari. Chumvi ikibaki katika nyuzi huvuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana shati la mvuvi ambalo lilikuwa kavu mchana huonekana kunyong'onyea na kuwa bichi tena usiku. Nguo ya namna hiyo hata ikipitishwa katika mashine ya thamani kubwa itarudia unyevu wake. Dawa yake ni kuisuuza mara ya mwisho kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na majira ya mvua yenyewe hutuletea maji hayo hadi kwenye bati la nyumba. Pipa moja chini ya mfereji wa paa lina faida kubwa kwa mfuaji.

ANKARA NI YA MAJI

Mashine ya kukaushia nguo ni pipa linalozunguka huku likipulizwa hewa iliyopashwa moto kwa umeme. Hewa hiyo hunyonya unyevu wa nguo, na mvuke hutolewa nje kwa bomba au hugeuzwa tena kuwa maji na kukusanywa katika chombo. Kazi yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho, ni moja: kugeuza maji yaliyomo katika nguo kuwa mvuke. Kwa hiyo anayelipia mashine hiyo halipii nguo. Analipia maji yaliyobaki ndani ya nguo.

Maumbile yameweka bei yake. Ili lita moja ya maji igeuke kuwa mvuke huhitaji joto la kiasi cha theluthi mbili za uniti moja ya umeme. Ukiongeza joto linalopotea pembeni na nguvu ya kuzungusha pipa, mashine ya kawaida hutumia uniti moja hivi kwa kila lita. Kanuni hii ni rahisi kukumbukwa hata na asiyependa hesabu: lita moja, uniti moja.

Sasa tuchukue fungu la nguo za pamba lenye uzito wa kilo 7 zikiwa kavu. Zikitoka katika mashine ya kufulia iliyozikamua kwa kuzizungusha kwa kasi, hubaki na maji lita 4 hivi. Zikikamuliwa kwa mikono, hata na mtu mwenye nguvu, zaweza kubaki na maji yenye uzito ulio sawa na wa nguo zenyewe, yaani lita 7, na wakati mwingine kuzidi. Fungu la kwanza litakula uniti 4 katika mashine ya kukaushia. La pili litakula uniti 7. Nguo ni zile zile na mashine ni ile ile. Tofauti ni maji.

Ipo aina mpya ya mashine ambayo hufanya kazi kwa kanuni ya jokofu. Huichukua joto iliyokwisha kulitumia na kulirudisha tena katika pipa badala ya kulitupa nje. Hiyo hutumia umeme nusu ya ule wa mashine ya kawaida, au pungufu ya nusu. Lakini bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi, na ikiharibika humhitaji fundi anayejua mambo ya gesi ya majokofu. Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika na auulize mapema ni ya aina gani, kwa sababu mbili zilizosimama pamoja dukani zaweza kufanana sura na kutofautiana ankara mara mbili.

HESABU YA NYUMBA MBILI

Tuigeuze uniti kuwa shilingi. Hapa tumetumia viwango vilivyotangazwa na EWURA na kuanza kutumika mwaka 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, aliwekewa shilingi 100 kwa uniti, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi 75. Mteja wa kawaida aliwekewa shilingi 292. Juu ya bei hiyo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1. Jumla yake ni asilimia 22. Basi uniti hugeuka kuwa shilingi 122 kwa mteja mdogo, shilingi 427 anapovuka mpaka wake, na shilingi 356 kwa mteja wa kawaida. Msomaji atazame risiti yake ya LUKU, na kama bei yake ni tofauti aiweke hiyo mahali pa hii yetu, kanuni haibadiliki.

Nyumba ya kwanza ni ya mteja wa kawaida. Anakausha mafungu matatu kwa wiki, yaani kama 13 kwa mwezi, na kila fungu hula uniti 4. Kila anapobonyeza kitufe ametumia shilingi 1,424. Kwa mwezi ni uniti 52, sawa na shilingi 18,512. Akiitumia kwa miezi mitano ya mvua tu, atalipa shilingi 92,560. Akizoea kuitumia mwaka mzima, kaskazi na kusi, atalipa shilingi 222,144. Tofauti ya shilingi 129,584 ni fedha aliyoilipa kwa kukausha nguo wakati jua liko nje linang'aa.

Nyumba ya pili ni ya mteja mdogo, na hapa ndipo penye mtego. Familia hii ina taa, redio, televisheni na jokofu dogo, na hutumia uniti 60 kwa mwezi. Hulipa shilingi 7,320. Ikiongeza uniti 52 za mashine ya kukaushia, itafika uniti 112. Zile 75 za mwanzo zitagharimu shilingi 9,150. Zile 37 zilizozidi, kwa shilingi 427 kila moja, zitagharimu shilingi 15,799. Jumla ni shilingi 24,949, zaidi ya mara tatu ya matumizi ya zamani. Tena hasara haiishii hapo. Matumizi yakiendelea kuwa juu ya mpaka, familia hiyo yaweza kuhamishiwa katika kundi la wateja wa kawaida, na hapo uniti 112 zitakuwa shilingi 39,872. Mashine moja imewapandishia bei ya taa, redio na jokofu, vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Jambo hili halielezwi dukani. Muuzaji hutaja bei ya mashine na muda wa dhamana. Hana habari mteja wake yumo katika kundi gani la umeme, na mteja naye mara nyingi hajui, mpaka siku atakaponunua umeme wa shilingi 5,000 akaona tarakimu za uniti zimepungua kuliko alivyozoea.

GESI NI YETU, LAKINI

Wapo watakaosema: sisi wa Mtwara tumekaa juu ya gesi, kwa nini tubane umeme kama watu wa jangwani? Hoja hiyo yastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, karibu na Msimbati, mwaka 1982. Ni kweli pia kwamba kabla ya gesi hiyo kuanza kutumika, mji wa Mtwara ulitegemea mitambo ya dizeli, na waliokuwapo wanakumbuka giza la siku zile. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2006 mitambo inayotumia gesi ilianza kuzalisha umeme mjini, na mwaka 2015 bomba kubwa la kupeleka gesi Dar es Salaam likazinduliwa.

Lakini bei ya uniti ni moja nchi nzima. Anayekaa Madimba, hatua chache kutoka mtambo wa kusafishia gesi, hulipa sawa na anayekaa Mwanza. Utajiri ulio chini ya ardhi haumpunguzii mama wa Mtwara hata senti moja anapokausha shuka lake.

Zaidi ya hayo, tutazame safari yenyewe. Gesi huchomwa ikawa moto. Moto huzungusha mtambo. Mtambo huzalisha umeme. Umeme husafiri kwa waya hadi nyumbani. Kisha ndani ya mashine ya kukaushia hugeuzwa tena kuwa moto. Katika safari hiyo zaidi ya nusu ya joto la gesi hupotea kabla ya kufika nyumbani. Umeme ni mali ya thamani unapowasha taa, unapoendesha pampu ya maji, unapotunza dawa na chakula katika jokofu au unapomwezesha seremala kuranda mbao. Kuurudisha kuwa moto wa kufukuza maji ndiyo matumizi yake ya ghali kuliko yote.

WENZETU WA NG'AMBO

Mashine hizi hazikuzuliwa kwa uvivu. Zilitoka katika nchi za baridi, ambako majira ya kipupwe nguo iliyoanikwa nje hubaki imelowa siku nzima au hata kuganda. Mwaka 1892 Mmarekani mweusi aitwaye George T. Sampson, wa Dayton katika jimbo la Ohio, alipewa hataza ya kifaa chake cha kuning'iniza nguo juu ya jiko ili joto lizikaushe. Mashine za umeme zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930, na leo nyumba nyingi za nchi hiyo zinazo.

Lakini mazoea yalipokwisha kuota mizizi, yalivuka mipaka ya haja. Ipo mitaa nchini Marekani ambayo kanuni za wenye nyumba zilikataza watu wasianike nguo nje, eti kamba ya nguo yaharibu sura ya mtaa, hata mahali penye jua kama la kwetu. Jimbo la Florida lililazimika kuwa na sheria ya kulinda haki ya mkazi kutumia kamba yake. Ni ajabu ya dunia kwamba mtu ahitaji sheria ili atumie jua. Tusifike huko kwa kuona haya ya kamba iliyo uani.

Ndugu zetu wanaoishi Uingereza nao wanaijua shida hii kwa upande wake wa pili. Katika nyumba ndogo zisizo na ua, wengine huanika nguo ndani wakati madirisha yamefungwa kwa baridi, na unyevu ukageuka kuvu ukutani. Walio na mashine hukumbushwa hatari ya moto. Agosti 2016 moto mkubwa ulizuka katika jengo la ghorofa huko Shepherd's Bush, London, na wazima moto walithibitisha kwamba ulianzia katika mashine ya kukaushia nguo.

KUKAMUA NI NUSU YA KUKAUSHA

Maadam ankara ni ya maji, mwenye busara huyatoa maji kwa njia rahisi kwanza. Ipo njia ambayo ni rahisi kupita kiasi, nayo ni kukamua kwa kuzungusha. Zile mashine zenye mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia, hutumia umeme mdogo sana katika pipa la pili. Dakika kumi za kuzungusha hazifikii hata sehemu ya kumi ya uniti. Kwa mteja wa kawaida hiyo ni chini ya shilingi 36; kwa mteja mdogo ni chini ya shilingi 13.

Linganisha. Kuondoa lita 3 za maji kwa kuzungusha hugharimu chini ya shilingi 36. Kuondoa lita zile zile 3 kwa moto wa mashine ya kukaushia hugharimu shilingi 1,068. Kazi ni moja, na bei ya pili ni kubwa karibu mara thelathini. Asiyekumbuka jambo jingine lolote katika makala haya na akumbuke hili.

Nguo iliyokamuliwa vizuri na mashine ya namna hiyo huhitaji kusaidiwa kidogo tu na upepo, hata wakati wa mvua. Na kwa asiye na mashine yoyote, ipo hila ya zamani inayofaa: viringisha nguo iliyokwisha kukamuliwa ndani ya taulo kavu, kisha watu wawili washike ncha na kusokota kila mmoja upande wake. Taulo litanyonya maji ambayo mikono pekee haikuyaweza.

UPEPO CHINI YA PAA

Kinachokausha nguo si joto peke yake. Upepo una kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa huondoa hewa iliyokwisha kushiba unyevu na kuleta nyingine. Kwa hiyo katika miezi ya mvua nyumba ihitajiyo kukausha nguo inahitaji kwanza paa lisilo na kuta. Upenu wa makuti au wa bati chakavu upande unaopata upepo, wenye kamba mbili tatu zilizofungwa juu na kuachana kwa mkono mmoja, hukausha nguo huku mvua ikinyesha hatua mbili kando. Nguo zisipandane. Suruali na magauni yageuzwe ndani nje ili mifuko na mishono ipate hewa, na rangi nazo zisipauke siku jua likitoka.

Ikiwa upepo hakuna, pangaboi laweza kuwa upepo wa nyumbani. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa nane usiku kucha, dirisha likiwa wazi, hutumia karibu nusu ya uniti. Hiyo ni shilingi 59 kwa mteja mdogo na shilingi 171 kwa mteja wa kawaida. Likielekezwa kwenye kamba iliyofungwa sebuleni, sare zilizokamuliwa vizuri jioni zaweza kuvaliwa asubuhi. Gharama yake haifikii sehemu ya nane ya fungu moja katika mashine ya kukaushia.

TAHADHARI YA PASI

Wengi hukimbilia pasi sare inapokuwa bado mbichi. Hapo wajue kwamba pasi nayo imegeuka mashine ya kukaushia, nayo inafuata sheria ile ile ya lita moja uniti moja. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima, kwa kuwa hujizima na kujiwasha yenyewe, hutumia kama uniti 0.7, sawa na shilingi 250 kwa mteja wa kawaida. Hiyo ni gharama ya kunyoosha nguo kavu. Kuitumia kukaushia ni kuchoma fedha na pengine kitambaa pia.

Lakini yapo manufaa ya pasi ambayo hayafai kupunguzwa kwa kubana matumizi. Katika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo, yupo inzi anayetaga mayai juu ya nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na funza wake hupenya ngozi ya mvaaji na kufanya uvimbe mfano wa jipu. Watoto wachanga ndio huumia zaidi kwa sababu ya nepi. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Basi nguo zianikwe juu kwenye kamba, kamwe zisitandazwe kwenye nyasi wala mchangani, na zile zilizokaukia kivulini zipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono na mikanda ya kiunoni. Pasi ya mkaa na ya umeme zote zafaa.

NANI AHITAJI MASHINE?

Haitakuwa haki kumaliza bila kusema kwamba wapo wanaoihitaji mashine hiyo kwa dhati. Hoteli inayobadilisha mashuka kila siku haiwezi kumwambia mgeni angoje jua. Dobi mwenye wateja wengi hupoteza kazi mvua zikiendelea. Nyumba yenye mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, au yenye watoto mapacha wachanga, au iliyoko ghorofani bila ua wala baraza, inaweza kuona kwamba shilingi 1,424 kwa fungu ni bei ya haki. Wenye haja hiyo waitumie kwa miezi ya shida, waijaze sawasawa bila kuishindilia, na waingize nguo zilizokwisha kukamuliwa kwa kasi kubwa.

Waangalie pia usalama. Mashine hizi huvuta wati 2,000 hadi 2,500, nazo zahitaji soketi yake peke yake iliyofungwa na fundi anayejua kazi, wala si waya wa kuunganisha uliopitishwa chini ya zulia. Nyuzi laini zinazokusanyika katika kichujio ziondolewe kila baada ya matumizi, kwani hushika moto upesi. Nguo zilizoingia petroli, mafuta ya taa, au mafuta ya ganda la korosho zisiingizwe kabisa, maana mabaki yake huweza kuwaka yakipata joto. Isiachwe ikizunguka wakati watu wamelala au hawapo nyumbani.

MIKONO NAYO IANDIKWE

Tumehesabu uniti na shilingi. Umebaki mstari mmoja wa daftari ambao mara nyingi akina baba hawauandiki, nao ni mikono ya anayefua. Baba anayesema jua ni bure husema kweli kuhusu jua. Hajasema lolote kuhusu ndoo za maji zilizobebwa, mgongo ulioinama juu ya karai, vidole vilivyochubuliwa na sabuni, wala mbio za kuanua mvua inapoanza ghafla na kuanika tena inapokatika. Katika nyumba nyingi kazi hiyo humwangukia mama na binti zake, na binti anayekaa kufua hadi magharibi hana wakati wa kusoma.

Ndiyo sababu ombi la mashine lisijibiwe kwa kicheko. Lijibiwe kwa hesabu. Mashine ya kukaushia humwondolea mama kazi ya kuanika na kuanua tu, ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote. Kazi nzito ni kuteka maji, kufikicha na kukamua. Fedha ile ile ingefanya zaidi kama ingeanza na bomba au pipa kubwa la maji karibu na mahali pa kufulia, kisha mashine ya mapipa mawili, kisha upenu na kamba imara. Vitu hivyo vitatu hupunguza mzigo wa mikono na mzigo wa LUKU kwa pamoja, na vikikamilika huenda mama mwenyewe akaona kwamba ile mashine ya nne haihitajiki tena. Na watoto wa kiume nao wajue kuanika. Kamba ya nguo haichagui mkono.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani keti na mwenzako mezani na muandike mistari minne: miezi mingapi ya mwaka nguo zetu hukataa kukauka, mafungu mangapi kwa wiki, uniti yetu ni shilingi ngapi, na nani katika nyumba hii anabeba kazi. Zidisha mistari mitatu ya kwanza, kwa uniti 4 kila fungu na wiki nne na ushei kila mwezi, mpate gharama ya mwaka. Kisha msome ule wa nne kwa sauti.